Hita ya Mama Mkwe

Malalamiko ya Ma Prudencia kuhusu maji ya kuoga yalimfikia mkwewe kwa njia moja tu, nayo ilikuwa kinywa cha Adventina. Mama mkwe hazungumzi na mume wa binti yake habari za kuoga, na mume mwenye malezi hamwulizi. Kwa hiyo jioni ile Josephat Mashimba alipoingia ndani kutoka nje na kukaa kwenye kiti chake, mkewe alisubiri mpaka mlango wa chumba cha mama yake ukafungwa, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Odeta, maji yamemchoma tena."

"Yamemchoma wapi?"

"Begani. Halafu yakawa barafu. Halafu yakamchoma tena. Ametoka na sabuni masikioni."

"Hita ni mpya," Mashimba akasema.

"Sijasema ni ya zamani. Nimesema inamchoma mama."

Mashimba alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha kuchambua pamba kwa muda mrefu wa maisha yake. Kiwanda kilipotangazwa kuuzwa, wafanyakazi walistaafishwa, na waliokuwa wakiishi katika nyumba za kampuni waliruhusiwa kuzinunua. Yake ilikuwa Ilemela, imejengwa katikati ya mawe makubwa, na juu ya jiwe moja nyuma ya nyumba lilikaa tangi la maji. Kutoka kwenye tangi bomba lilishuka hadi ukutani, likagawanyika sehemu mbili: njia moja ilikwenda kupashwa moto, nyingine ilikwenda bafuni ikiwa baridi. Mzungu aliyeishi humo zamani alikuwa na boila ya kuni. Mashimba aliing'oa, akaweka hita ya umeme.

Hita aliinunua kwa ajili ya mama mkwe. Miaka hiyo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu ambavyo watu walikuwa wameviona kwenye picha tu, na mtu aliweza kuingia dukani akatoka na hita begani bila kibali cha ofisi yoyote. Ma Prudencia alikuwa ameletwa kutoka Kamachumu mwanzoni mwa masika, magoti yamevimba na mkono wa kulia haupandi kupita sikio. Daktari alisema apate maji ya vuguvugu kila jioni. Lakini kuoga kwa ndoo kunataka mtu ainame, achote, ainue kopo na kujimwagia, na hayo yote yalikuwa yamemshinda. Adventina alijitolea kumwogesha. Mama yake alimtazama kama mtu aliyetukanwa njiani, akakaa siku kadhaa bila kuoga.

Mashimba ndiye aliyefikiria shawa. Chini ya shawa mwanamke huyo angeweza kukaa kwenye kigoda, kufungua koki mbili kwa mkono wa kushoto, kuchanganya maji anavyotaka, na kuoga peke yake, mlango umefungwa. Ndivyo ilivyokuwa masika yote. Alikuwa akitoka bafuni amejifunga kanga mbili, uso unang'aa, na siku moja Adventina alimsikia akiimba humo ndani.

Masika yalipokwisha, maji yakaanza kumchezea.

Mashimba hakuwa mtu wa kukurupuka. Asubuhi iliyofuata, mama mkwe akiwa uani anaota jua, alikunja mikono ya shati, akaingia bafuni, akafungua koki ya moto na ya baridi, akaweka mkono chini ya maji. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Alikaa hivyo tangu muhtasari wa kwanza hadi michezo. Maji hayakubadilika hata kidogo.

"Hita ni nzima," alimwambia mkewe.

"Basi mama ndiye mbovu?"

"Sijasema hivyo."

"Naomba umwite fundi, Baba Odeta. Wewe ni mtu wa ghala."

Neno hilo lilimkera, kwa sababu alikuwa amesoma mabomba na umeme katika vitabu viwili alivyovinunua kwa fedha yake mwenyewe. Hata hivyo alimwita Chenge, fundi aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Buzuruga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nisamehe, mzee. Kuna bwana mmoja pale kafunga hita kichwa chini miguu juu, ananiuliza kwa nini inatapika."

Chenge alifungua kifuniko akiwa amepanda kwenye kigoda cha Ma Prudencia, Mashimba amesimama nyuma yake na Adventina mlangoni. Alitia bisibisi, akagonga, akanusa.

"Themostati," akasema. Ndicho kifaa kinachokata umeme maji yakishafika joto lililowekwa. "Hizi zinakuja kutoka Dubai, mzee. Zinajua joto la Dubai. Huku kwetu zinachanganyikiwa."

"Asubuhi nimeipima. Ilikuwa sawa."

"Asubuhi haina hasira. Hita ni kama mtu, mzee. Jioni ndiyo inachoka."

Alibadilisha themostati. Wakafungua maji, wote watatu wakaweka mikono, na maji yakatoka ya vuguvugu tulivu. Chenge alikusanya vyombo vyake akisema kwamba sasa hata mtoto mchanga angeweza kulala chini ya shawa hiyo.

Jioni Ma Prudencia aliungua tena.

Adventina alitoka bafuni alikokwenda kumsaidia mama yake kujifunga kanga, akamkuta mumewe anaingia kwa mlango wa nyuma, miguu ina udongo. Ilikuwa kawaida yake. Sebule ilitenganishwa na bafu kwa ukuta wa plaiwudi tu, nao mtu aliyeketi sebuleni alisikia hata sabuni ikianguka. Mashimba hakuweza kuketi pale wakati mama mkwe anaoga. Tangu siku ya kwanza, akiona mkewe anabeba taulo kuelekea bafuni, aliinuka bila kusema kitu, akatoka nje, akatafuta kazi ya kufanya mpaka ajue kwamba mambo yamekwisha. Adventina hakuwahi kumwomba afanye hivyo. Aliona anajua adabu.

"Njoo uone bega lilivyo," alimwambia, kisha akajirudi. "Hapana, usije. Lakini ni jekundu kama nyanya."

"Na fundi kabadilisha kifaa!"

"Fundi kabadilisha, na bega limeungua."

Mashimba alifikiri usiku kucha. Asubuhi alikuwa na jibu. Chini ya kilima, njia ya kwenda ziwani, kulikuwa na mashine ya kusaga ya mtu mmoja aliyeitwa Ngosha, na kila mashine ile ilipowaka taa za jirani zilififia. Umeme ukipungua, hita inalala. Mashine ikizimwa, umeme unarudi kwa nguvu na hita inaruka. Vitabu vyake havikusema hivyo waziwazi, lakini havikukataa.

Aliteremka mwenyewe. Wanawake walikuwa wameketi kwenye foleni na madebe yao ya mahindi.

"Ngosha, mashine yako inamsumbua mama mkwe wangu."

"Mashine yangu?" Ngosha alikuwa anasafisha mashine, mweupe wa unga mpaka kwenye kope. "Amekuja kusaga?"

"Hapana. Anaoga."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mzee Mashimba," Ngosha akasema, "hapa tunasaga mahindi, mtama na muhogo mkavu. Kuogesha wakwe bado hatujaanza."

"Nazungumza habari ya umeme. Jioni ukiwasha, kwangu maji yanabadilika."

"Jioni ipi? Mkanda umekatika tangu juzi. Hawa unaowaona wananisubiri mimi, hawasubiri unga. Waulize."

"Ni kweli, baba," mwanamke mmoja mnene akasema, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kisha akaongeza kwa upole, "Mwambie mama aje aoge ziwani na sisi. Ziwa halina swichi."

Mashimba alipanda kilima bila kuaga. Kabla ya juma kwisha habari ilikuwa imemtangulia kila mahali. Stendi vijana walimwamkia vizuri, na alipopita wakaulizana kama maji yamechemka. Jumapili baada ya misa mama mmoja wa jumuiya alimshika Adventina mkono, akamuuliza kama bibi yao ameiva au bado. Alikuwa anatania, na alikuwa rafiki. Lakini Ma Prudencia alikuwa amesimama hatua chache nyuma, amejitanda, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Siku ile alikula kidogo. Adventina alipokuja kutoa vyombo, alimkuta amelifungua sanduku kitandani.

"Nitaondoka na meli ya Ijumaa," mama akasema. "Nikishuka Kemondo kijana wa dada yangu atanipokea."

"Mama, kule nani atakuogesha?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakwenda."

"Hapa nipo mimi. Kama shawa imetushinda, niache nikuogeshe. Nitafumba macho ukitaka."

"Adventina." Mama aliacha kukunja nguo. "Mimi nilikuogesha wewe na wadogo zako. Baba yenu alipokufa nilimwosha mimi. Anayeogeshwa ni mtoto au maiti, na mimi bado najua leo ni siku gani."

"Kwa hiyo bora ukae bila kuoga?"

"Nitajipangusa na kitambaa. Watu wameishi na kitambaa."

Adventina alimpelekea mumewe habari hiyo jikoni. Mashimba aliuliza maswali mawili ya meli. Mama wa mke wake kuondoka nyumbani kwake akiwa na bega lililoungua ilikuwa habari ambayo ingefika Kamachumu kabla ya mama mwenyewe, na huko hakuna ambaye angesikiliza maelezo ya themostati. Lakini hilo halikuwa kubwa. Alikuwa ameshamzoea. Mwanamke yule alikuwa amekuja melini na machipukizi manne ya migomba ya kwao, ameyafunga kwenye gunia lenye maji, na alipofika alimwambia Adventina amwambie mwenye nyumba kwamba mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumletea Mashimba mmea kutoka ng'ambo ya ziwa.

Alijaribu jambo la mwisho. Kama shida ilianza masika yalipokwisha, basi kilichobadilika ni jua. Tangi lilikuwa juu ya jiwe, jua linalipiga mchana kutwa, maji ya "baridi" yanashuka yakiwa ya moto. Alipanda juu na magunia ya pamba, akalivika tangi kama mgonjwa, akayalowesha. Alipogusa bomba lililoshuka, lilikuwa baridi. Akateremka akiwa na matumaini.

Jioni ya Alhamisi Ma Prudencia aliingia bafuni kuoga kwa mara ya mwisho kabla ya safari. Mashimba alipoona mlango wa bafu umefungwa alitoka nje kama kawaida yake. Adventina alisimama kwenye ujia karibu na mlango, mahali alipokaa kila siku kumlinda mama yake, na hapo ndipo alipogundua kwamba taulo lilikuwa limebaki kwenye kamba nyuma ya nyumba. Alipita mlango wa jikoni, akazunguka kona.

Upande ule, kati ya mawe mawili, ndipo palipokuwa na udongo pekee wa maana katika kiwanja chote, na ndipo Mashimba alipopanda migomba ya mama mkwe. Wakati wa masika haikuhitaji kitu. Kiangazi kilipoingia alitoboa bomba lililokuwa karibu zaidi, akaunga tii, kiungo cha njia tatu, na koki, kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe na kuisifu. Juu ya koki hiyo kulikuwa na dirisha la bafu, dogo, la vioo vya kupandana, ambalo mtu mzima hawezi kuchungulia hata akitaka.

Mashimba alikuwa ameinama, mgongo kwa ukuta, anajaza keni ya kumwagilia. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua.

"Ai!" ikasikika kutoka dirishani. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejiziba mdomo.

Mashimba hakugeuka. Aliongeza sauti ya wimbo. Keni ilipojaa akafunga koki, na mara hiyo kutoka dirishani ikaja pumzi fupi, kama ya mtu aliyekanyaga maji ya mto alfajiri. Akaibeba keni, akamwagia mgomba wa kwanza, maji yakapiga majani makavu ya chini. Akarudi, akafungua koki.

"Ai! Waitu!"

Safari hii Mashimba alisikia vizuri zaidi, ilionekana mabegani mwake. Akafanya anachofanya mtu mwenye heshima akisikia sauti ya mama mkwe wake bafuni. Aliifungua koki mpaka mwisho, ili maji yapige kelele kwenye keni na yeye asisikie.

Adventina alisimama na taulo mkononi. Hakuhitaji kitabu. Angeweza kumwita mumewe, lakini kulitaja jina la mwanamume chini ya dirisha lile, mama yake akiwa uchi upande wa pili, lilikuwa jambo lisilosemeka. Akatembea mpaka kwenye koki, akainama, akaifunga kwa mkono wake. Mashimba alimtazama. Adventina akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha jikoni kwa kidevu. Mumewe akaondoka na keni isiyojaa, ananyata kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Ndani maji yaliendelea kuanguka, kwa sauti moja, mpaka mwisho.

Baadaye Adventina alimpaka mama yake mafuta begani. Ma Prudencia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sanduku limefungwa kwa kamba miguuni pake.

"Mama, ulikuwa unajua."

"Kujua nini?"

"Kwamba ni yeye."

"Nasikia maji kwenye chombo, naungua. Yakinyamaza, naganda. Hata asiyekwenda shule angejumlisha hapo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili nawe umwambie nini? Kwamba mama yako akiwa uchi husikiliza nyimbo za mume wako dirishani?" Alijifunika bega. "Yeye ametoka sebuleni kwa kuniheshimu. Akijua namsikia huko alikokimbilia, atakimbilia wapi? Hii ni nyumba yake. Mimi ndiye mwenye meli ya kuondokea."

"Ukaona bora uungue."

"Bega linapona."

"Na ukaona bora usioge."

Ma Prudencia alichukua kitana, akajaribu kuupandisha mkono wa kulia, akauhamishia wa kushoto.

Jikoni Mashimba alikuwa ameketi kwenye kibao, keni mbele yake. Adventina alifunga mlango.

"Koki ya bustani," akasema. "Ukifungua pale, kule maji yanabadilika. Nimeona mwenyewe."

Kwanza uso wa Mashimba ulichanua. Aliokota kipande cha mkaa, akachora sakafuni: tangi, hita, bafu.

"Bomba nililotoboa ni la baridi! La bafuni! Nikichukua maji pale, baridi yote inakuja kwangu, kwenye shawa unabaki moto mtupu. Mtu anapunguza moto, sivyo? Analazimika. Halafu mimi nafunga, baridi inarudi, moto ameshaupunguza, anaganda. Anaongeza, mimi nafungua! Mama Odeta, hita haina kosa lolote. Na kila tukiipima mimi nilikuwa ndani. Chenge alipokuja nilikuwa ndani. Ndiyo maana—"

Akaushusha mkaa.

"Alikuwa ananisikia?"

"Sijui anasikia nini," Adventina akasema. "Ni mzee."

Mashimba alimtazama mkewe, na mkewe akatazama sufuria. Walikuwa wameishi pamoja vya kutosha. Alifuta mchoro kwa kiganja, taratibu, mpaka sakafu ikabaki na doa jeusi.

"Hata wimbo?" akauliza.

Adventina aliwasha jiko.

Asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni. Ma Prudencia aliketi sebuleni kwenye kiti cha karibu na mlango, amejitanda, uso ameuelekeza nje, kama inavyotakiwa. Mashimba aliingia akiwa amevaa koti. Alisimama katikati ya chumba, naye akautazama ukuta wa plaiwudi. Alikuwa amekwisha kuilaumu Dubai, Chenge, mashine ya Ngosha na jua, na majirani wote walijua. Usiku alikuwa amefikiria kusema kwamba fundi alikosea. Chenge asingejua, na wala asingejali.

"Mama Odeta," akasema, ingawa mkewe alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. "Mwambie mama kwamba hitilafu imeonekana. Ni bomba. Liliungwa vibaya."

"Mama, anasema ni bomba, liliungwa vibaya."

"Nimesikia," Ma Prudencia akasema mlangoni. "Mwulize nani aliliunga."

Mashimba alishika vifungo vya koti.

"Mwambie niliunga mimi. Peke yangu. Fundi hakuhusika, na wala si umeme. Nilitoboa mahali pasipofaa. Leo nalikata."

Adventina hakurudia. Nje kulikuwa na jogoo wa jirani juu ya jiwe, na wote watatu walimsikiliza kwa muda.

"Mwambie," Ma Prudencia akasema, "bomba halina masikio. Halikujua kama kuna mtu." Akaivuta kanga vizuri. "Mwulize meli nyingine ni lini."

"Jumanne," Mashimba akasema, akisahau kupitia kwa mkewe.

"Basi nitaisikilizia hiyo ya Jumanne."

Adventina aliinamia sanduku, akalirudisha chumbani kabla mtu hajabadili mawazo. Jumanne ilipofika hakuna aliyeitaja meli, na Jumanne iliyofuata ilikuwa siku kama nyingine.

Mashimba alilikata bomba siku ileile. Aliondoa tii, akaziba tundu, akachukua maji ya bustani moja kwa moja kutoka kwenye tangi, njia ndefu inayozunguka jiwe. Chenge alipita na kuikagua kazi, akasema ni nzuri, kisha akaenda Buzuruga kuwaeleza watu kwamba themostati yake hatimaye ilikuwa imeizoea nchi. Mashimba aliambiwa, na hakumsahihisha.

Lilibaki swali la yeye mwenyewe. Sebuleni hakuweza kukaa, na chini ya dirisha hakuweza tena kusimama. Migomba ikawa inamwagiliwa asubuhi. Jioni, taulo lilipopita ujiani, alichukua fimbo, akafungua geti, akateremka kilima mpaka kwa Ngosha, ambaye mashine yake ilikuwa imepata mkanda mpya na ilinguruma kiasi kwamba mtu hakusikia hata jina lake.

"Mzee Mashimba!" Ngosha alipiga kelele siku ya kwanza, akimsogezea gunia la kukalia. "Leo nani anaoga?"

"Watu wanaoga majumbani mwao!" Mashimba naye akapiga kelele.

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kutazama mashine."

"Itazame. Haiogeshi mtu."

Wanawake wa foleni walicheka, wakamsogezea debe aweke miguu. Alikaa mpaka giza lilipoanza kushuka juu ya ziwa na Ngosha akazima mashine. Alipofika nyumbani mlango wa bafu ulikuwa wazi, sakafu imeshakaushwa, na mlango wa chumba cha mama mkwe umefungwa. Hapakuwa na kitu cha kupima. Alimtazama mkewe akipakua chakula.

"Hita inaendeleaje?" akauliza.

"Inaendelea."

Adventina alichukua sahani ya mama yake, akampelekea chumbani. Alikaa huko kidogo. Aliporudi aliketi, akanawa mikono, akamega ugali.

"Mama ana swali kwa mwenye nyumba. Anauliza kama umeme ni ghali."

"Kwa nini?"

"Anasema leo alisahau kutoka bafuni."

Mashimba alitafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Mwambie si ghali," akasema.